Karatasi Iliyokatwa kwa Rula

4 Machi

Mwanangu Nukta,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu masikio yangu yamegoma kabisa kusikia simu. Juzi ulipopiga nilikujibu habari za mvua, kumbe wewe uliuliza habari za mgongo. Jirani yangu fundi cherehani alicheka mpaka akajichoma sindano.

Fundi huyo huyo ndiye aliyenikokota wiki iliyopita kwenda zahanati. Wanapima wazee wote wa mtaa mara moja kwa mwaka, uwe unaumwa au huumwi. Mimi sikuwa naumwa. Nimekonda kidogo na ngazi za nyumba zimeongezeka urefu, basi. Wakanitoa damu chupa tatu, wakaniambia nirudi Ijumaa. Ijumaa nikapewa karatasi na msichana ambaye hakuniangalia usoni. Akasema, "Mzee, una nyota nyingi, muone daktari."

Mwanangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Nyota nilikuwa nikiwapa watoto waliopata zote. Nikamshukuru kwa moyo mkunjufu. Watu wa kwenye benchi wakaangua kicheko, na hapo ndipo nilipojua kwamba nyota za maabara si nyota za darasani.

Sasa kazi hiyo ni yako. Wewe ndiye unayeshinda na damu za watu kutwa nzima. Karatasi nimeiweka ndani ya bahasha, nisomee. Sukari ina nyota, lehemu ina nyota, na kitu kinaitwa asidi ya mkojo nacho kina nyota. Niambie kama mtu anaweza kufa kwa nyota tatu.

Msalimie mama yako. Mwambie shemeji yake bado anatembea bila fimbo, ingawa si kweli.

Baba Mkubwa


12 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Karatasi imefika. Kwanza nikutoe hofu, kisha na mimi nitakuwa na la kuuliza.

Mashine yetu haimjui mgonjwa wala mzima. Inajua mipaka tu. Mipaka hiyo ilipatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, halafu wakaachwa nje wachache wa juu kabisa na wachache wa chini kabisa. Anayeangukia nje ya mpaka anawekewa nyota. Kwa hiyo hata mtu asiye na ugonjwa wowote, akipimwa vitu ishirini, huenda kimoja kikapata nyota. Nyota maana yake ni "tazama tena", si "andika wosia". Sukari yako imepita mpaka kidogo, na nakujua: uliambiwa uende bila kula, ukanywa chai, ukajiambia chai si chakula. Lehemu, yaani mafuta ya damu, kwa umri wako si ajabu. Asidi ya mkojo itakuuma dole gumba la mguu siku moja na utanilaumu mimi.

Mama amecheka habari za fimbo. Amesema wewe hata ukibebwa kwa machela utasema unatembelea mgongo.

Sasa swali. Juu ya karatasi pameandikwa vipimo kumi na sita. Nimehesabu mara mbili, kama ulivyonifundisha. Viko tisa. Wingi wa damu haupo, figo hazipo. Msichana alisema nyota nyingi, na sisi watu wa maabara tatu hatuziiti nyingi. Karatasi inaishia katikati ya ukurasa, na ukingo wake wa chini umenyooka. Si mkasi, mkasi huacha vijino. Karatasi hii imewekewa rula ikachanwa. Namjua mtu mmoja tu anayekata hivyo. Ndivyo ulivyokuwa ukinikatia vipande vya majaribio mezani nilipokuwa darasa la kwanza.

Nimekaa na karatasi hii siku tatu kabla ya kukuandikia. Mama anayo majibu ya marehemu baba, yale ya kiwanda cha mikate. Ameyafunga kwenye kitambaa pamoja na picha ya harusi yao. Tangu utotoni nimesikia ikisimuliwa jinsi wafanyakazi walivyopimwa kifua, ukaenda kumchukulia baba majibu, ukaona limeandikwa neno "chanya", na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu ukadhani ni heri. Baba akarudi kwenye tanuri na kifua kikuu chake mpaka kikammaliza. Watu husikitika, halafu hutabasamu kidogo, husema elimu nayo ina mitego yake.

Nimeitoa karatasi ile. Nimezilaza zote mbili juu ya meza, ukingo kwa ukingo. Sitaandika ninachofikiri. Nataka useme wewe. Nitumie kipande cha chini. Vyote viwili, kama unavyo vyote.

Mwanao


18 Machi

Mwanangu Nukta,

Chai nilikunywa. Vikombe viwili.

Kipande cha karatasi yangu hicho hapo. Nilikikata nisikutishe. Nilitaka unijibu kwanza kuhusu nyota ndogo, unicheke kidogo, kisha nikusogeze polepole mpaka kwenye kubwa. Daktari wa zahanati alisema "si ya kawaida" mara nne, na kila mara aliisukuma karatasi mbali kidogo mezani, kana kwamba inaunguza.

Kipande cha pili sinacho. Nilikitia kwenye jiko la mkaa. Umeniuliza swali nililolingoja miaka arobaini na sita. Nipe siku chache.

Baba Mkubwa


24 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nimesoma. Nitakuambia kama ambavyo mimi ningependa kuambiwa.

Damu yako ni nane nukta moja. Mwanamume anatakiwa awe na kumi na tatu au zaidi, ndiyo maana ngazi zimerefuka. Protini imezidi, kalsiamu imezidi, figo zimeanza kuchoka. Kila kimoja peke yake kingeweza kuwa na sababu nyepesi. Vikija vinne kwa pamoja vinaelekeza kwenye uboho, ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Sisemi ni saratani, kwa sababu mimi napima, sitoi hukumu. Nasema daktari bingwa anatakiwa akuchome sindano kwenye mfupa wa nyonga atazame, na asichelewe. Hospitali yetu anaye. Kama ndiyo hiyo, dawa zake zipo. Hazifuti ugonjwa, lakini humpa mtu miaka. Nimekuombea nafasi. Kunywa maji mengi.

Kuhusu kile kipande kingine, siku chache ulizoomba zimekwisha.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu Nukta,

Nilianza kuipanga barua hii kama hesabu, hatua kwa hatua, nikaona hesabu inanisaidia kujificha. Nitasema tu.

Sikulikosea lile neno.

Baba yako alikuwa zamu kwenye tanuri siku hiyo, akaniomba nipite zahanati nimchukulie majibu. Kusoma alijua, ila karatasi yenye muhuri alikuwa akiniachia mimi. Nilipewa, nikatoka, nikaanza kuisoma nikishuka ngazi. Makohozi: chanya. Na kweli, mwanangu, kwa ngazi mbili au tatu nilifurahi. Kichwa changu kilikuwa kimejaa kujumlisha na kutoa, nikadhani ndugu yangu amepita. Ngazi hizo tatu ndizo nilizozitumia miaka yote kama shahidi wangu. Nilipowaambia watu nilidhani ni heri, sauti yangu haikutetemeka, kwa sababu palikuwa na punje ya ukweli ndani yake.

Kisha nikasoma mistari ya chini. Mgonjwa asirudi kazini. Aanze dawa ndani ya siku saba. Wote wanaoishi naye wapimwe.

Nikakaa kwenye ngazi ya mwisho. Mkobani nilikuwa na fomu ya masomo ya ng'ambo. Niliiomba nafasi ile miaka mitano, na safari ilikuwa imebaki wiki tatu. Ukurasa wa pili uliuliza: Je, katika nyumba unayoishi kuna mgonjwa wa kifua kikuu? Asubuhi ile nilikuwa nimeandika hapana. Asubuhi lilikuwa jibu la kweli. Saa saba mchana lilikuwa uongo, na wino ulikuwa umeshakauka.

Nilijiambia wiki tatu si kitu, nitamwandikia nikishafika. Nikatoa rula, nikailaza karatasi juu ya mkoba, nikakata. Nilikata vizuri sana. Jioni nikampa mdogo wangu karatasi nusu nikamwambia, "Chanya maana yake umeongezewa, uko salama." Akaipeleka kazini. Msimamizi wa tanuri aliona muhuri, akasikia kwamba mwalimu amesoma, akamrudishia karatasi na kumwacha aendelee na kazi. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ukilala kifuani pake kila siku baada ya chakula cha mchana.

Kule ng'ambo niliandika barua. Ya kwanza nilieleza baridi. Ya pili nikaeleza maktaba. Ya tatu niliandika ukweli wote, kurasa mbili, nikaitia kwenye kitabu nikisema kesho nitanunua stempu. Kabla sijainunua ikaja barua yake. Alisema kikohozi kinamsumbua, ila hana wasiwasi. Aliandika, "Kaka, nakumbuka neno lako, mimi ni chanya." Baada ya hapo sikuweza. Nilijua nikimwambia wakati ule, atauliza kwa nini hukuniambia siku ile. Nikaona aibu kuliko nilivyoona hofu ya kifo chake. Hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Mwezi wa nane ikaja telegramu.

Niliporudi, shangazi yako aliniuliza niliisomaje karatasi. Nikajibu nilidhani chanya ni heri. Wakanihurumia. Mwaka ule ule ulikohoa siku nne. Nilikubeba mgongoni mpaka hospitali, nikasoma majibu yako mstari kwa mstari, nikamtaka daktari anifafanulie kila neno. Kilikuwa kifua cha kawaida cha mtoto. Watu wakasema, tazama anavyompenda mtoto wa ndugu yake. Nilikupenda kweli, Nukta. Hilo usilitie kwenye mashaka, ingawa najua utalitia.

Kila kilichoitwa elimu kwangu, shahada, heshima, watoto wanaosimama ninapoingia darasani, kimejengwa juu ya kipande kile cha karatasi.

Kuhusu bingwa, mwambie asiningoje. Ndugu yangu hakupewa hata siku zake saba. Mimi nina haki gani ya kudai miaka? Hili la mifupa limekuja kwa zamu yake, na naona ni haki.

Baba Mkubwa


19 Aprili

Baba Mkubwa,

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na maneno mabaya, na nilitaka kwanza yapungue. Hayajapungua sana.

Nimekuwa nikienda kazini kama kawaida. Juzi nilipitia majibu ya makohozi ya kijana mmoja anayeuza samaki sokoni. Yalikuwa chanya. Niliyapeleka mwenyewe kwa muuguzi, nikasimama mlangoni mpaka nikamsikia akimweleza kijana yule kwa lugha ya nyumbani: una kifua kikuu, kinatibika, dawa unaanza leo. Nilirudi kwenye mashine yangu nikashindwa kuona namba. Dakika mbili, Baba Mkubwa. Ilichukua dakika mbili tu kumweleza.

Unasema hutaki dawa kwa sababu ni haki. Haki ya nani? Baba hatapata siku moja kwa kufa kwako. Ukijiachia, watu watanishika mkono na kunipa pole, na mimi nitainamisha kichwa nikijua ninachojua. Utakuwa umenirithisha siri yako, ukaenda zako. Mara ile uliondoka kwa safari. Usiondoke tena.

Na kuna jambo ambalo hukuligusa hata kwa herufi moja. Mama yuko hai. Yuko chumba cha pili ninapoandika, anagombana na redio. Jambo hili ni lake kabla halijawa langu. Mimi sitakusemea, na sitalificha. Mwandikie yeye. Macho yake yana ukungu siku hizi, kwa hiyo nitamsomea, na nitasoma kila neno.

Nafasi ya bingwa sijaifuta.


24 Aprili

Shemeji,

Anayekusomea ni mwanao. Mwache afike mwisho, hata ukitaka kumnyamazisha.

Karatasi ya kiwanda cha mikate sikuikosea. Nilijua mume wako anaumwa na ugonjwa gani, na nilijua ana siku ngapi za kuanza dawa. Nilikata maelezo ya chini nikayachoma, kwa sababu nilitaka kusafiri kwenda kusoma na ugonjwa wake ungenizuia. Nilikusudia kuwaambia baadaye. Sikuwaambia.

Yeye aliniamini hakuuliza. Wewe uliuliza. Ulikuwa mlangoni umeshika beseni la nguo, ukasema, "Chanya ndiyo nini, Mwalimu?" Nikakingamanisha vidole viwili, alama ya kujumlisha, nikakwambia ni kitu kizuri. Ulinitazama kidogo, ukaenda kuanika nguo. Nimeona uso ule mara nyingi kuliko uso wa mdogo wangu.

Sikuombi kitu. Mtoto amenifahamisha kwamba hata kunyamaza na kujifia ni kuwaachia mzigo, nami nimeona amesema kweli. Kwa bingwa nitakwenda akinipokea. Lakini hapo nyumbani kwako sitakanyaga bila ruhusa yako.

Mwalimu


3 Mei

Mwalimu,

Mwanangu anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asipambe na asipunguze.

Barua yako amenisomea jikoni, namenya viazi. Ameisoma mara moja. Sikumwambia arudie. Nilimaliza viazi vyote, hata vya kesho.

Kuna kitu hukijui. Alitaka kwenda hospitali, mara mbili. Mara ya kwanza alishavaa viatu. Mimi ndiye niliyemvua. Nilimwambia, Mwalimu amesoma karatasi yako na kusema u mzima, wewe umesoma kuliko yeye? Akacheka, akakaa. Mara ya pili sikumwacha hata avae. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo miaka arobaini na sita. Ndugu walipokuwa wakisimulia hadithi yako ya chanya, mimi nilikuwa natoka nje, najifanya nina sufuria motoni. Hakuna aliyeniuliza mbona sufuria yangu huungua kila hadithi hiyo inapoanza. Wao walikuwa wanakuhurumia wewe kwa kukosea neno, na mimi najua moyoni kwamba aliyemzuia mlangoni ni mkewe.

Kumbe.

Nimelia kidogo. Halafu nimekasirika, mpaka mwanangu akaficha vyombo. Halafu nikalala mchana, usingizi mzito, sijui tangu lini sijalala hivyo. Hiyo haina maana nimekusamehe. Mtu akikutua mzigo aliokutwika mwenyewe, asante unampa ya nini?

Hukuniomba msamaha, na umefanya vizuri, maana sina. Lakini kufa sasa hivi sikuruhusu. Nina maneno ya kukuambia, hayaandikiki haya, na kwa kuwa simu huisikii, utakuja ukae hapa niyaseme karibu na sikio lako, siku moja baada ya nyingine, mpaka yaishe. Yako mengi. Kwa hiyo dawa utakunywa, na sindano ya mfupa utachomwa, na ukiona uchungu usinitazame mimi.

Shemeji usiniite. Nikiwa tayari nitakuita mimi kwanza. Nisipokuwa tayari, utanivumilia.

Bingwa anakupokea Jumanne saa mbili asubuhi. Fundi cherehani akupandishe basi la Jumatatu, mwanangu atakuwa stendi. Utalala chumba cha nyuma. Kina baridi. Lete blanketi lako, huku hatuna la ziada.

Mjane wa mdogo wako